Nani wa kwanza? Namna ya kupanga ekipe za roboti za wanafunzi bila kuonea mtu

Wazee wetu wa Kolwezi na Likasi wangali wanakumbuka mwaka 1974. Zaire, nchi ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika Kombe la Dunia, ilipigwa 2-0 na Uskoti, 9-0 na Yugoslavia, halafu 3-0 na Brazili. Tukiongea habari ile, tunaongea paka juu ya aibu yetu. Lakini kuna jambo moja lingine ambalo wengi hawakuliangalia: katika kundi lile, Uskoti haikufungwa hata mechi moja. Ilipiga Zaire, ikatoka sare na Brazili, ikatoka sare na Yugoslavia. Na bado ilirudi nyumbani.

Sababu ni nini? Yugoslavia, Brazili na Uskoti zilitoka sare zote kati yao, zikawa na pointi sawasawa. Basi ikabakia kuangalia tofauti ya magoli, maana yake: nani alipiga Zaire mingi zaidi. Yugoslavia ilikuwa na 9, Brazili 3, Uskoti 2. Kama goli la tatu la Brazili lisingeingia, Uskoti ingepita. Sisi ndio tulikuwa kilo ya kuwapimia wengine.

Ndugu msomaji, utauliza: hiyo inaingiliana namna gani na roboti? Inaingiliana sana. Siku hizi watoto wa shule za sekondari wanajenga roboti na kushindana nazo. Hapa Lualaba, jimbo ambalo shaba na kobalti yake inaingia ndani ya batri za dunia nzima, wazazi na walimu wanaanza kupendezwa na mambo hayo. Na kila mahali ambapo watoto wanashindana, siku inaishia kwa swali moja: "Mwalimu, shiye tulishinda mechi zote, sasa juu ya nini tuko ba tatu?"

Swali lile linastahili jibu la kweli. Katika makala hii tunaeleza njia zinazotumiwa kupanga ekipe, uzuri wa kila njia na ubaya wake, na vile shule za kwetu zinaweza kufanya.

Roboti gani tunasema?

Hapa kwetu mtu akisikia neno "roboti" anafikiri kwanza zile kubwa za roulage, ambazo mama injinia Thérèse Izay Kirongozi na wenzake walitengeneza na kuzisimamisha kwenye barabara za Kinshasa tangu 2013. Roboti za wanafunzi ni ndogo. Ziko na mota, batri, magurudumu na kompyuta ndogo ambayo mtoto anaiandikia programu. Zinapewa kazi: kuokota mipira, kusukuma vipande vya mbao, kupanda kilima kidogo, kufuata mstari mweusi.

Mashindano yenyewe ni ya namna mbili. Namna ya kwanza, kila roboti inafanya kazi peke yake mezani na inapewa alama. Ndivyo inavyofanyika katika World Robot Olympiad na katika FIRST LEGO League. Namna ya pili, roboti zinakutana kwenye uwanja mmoja, upande mmoja dhidi ya mwingine, kama mpira. Mara nyingi upande mmoja unakuwa na ekipe mbili au tatu zilizounganishwa. Ndivyo inavyokuwa katika VEX na katika FIRST Global, mashindano yaliyoanza Washington mwaka 2017, ambapo kila nchi inatuma ekipe moja tu.

Shika neno hilo: nchi moja, ekipe moja. Nafasi ni chache. Kosa dogo katika hesabu linaweza kumnyima mtoto wa Fungurume au Kasulo safari ambayo haitarudi tena katika maisha yake. Ndiyo maana kupanga nafasi ni jambo la haki.

Alama bora au wastani?

Tuanze na roboti inayofanya kazi peke yake. Tuseme kila ekipe inapewa raundi tatu. Ekipe ya kwanza inapata 90, halafu 20, halafu 25. Ekipe ya pili inapata 60, 65 na 70. Nani amepita mwenzake?

Ukichukua alama bora, ya kwanza inashinda, 90 kwa 70. Ukichukua wastani, ya pili inashinda, 65 kwa 45. Hesabu zote mbili ni sahihi. Tofauti ni kile unachotaka kusifu: roboti iliyofanya kubwa mara moja, ao roboti ambayo unaweza kuitegemea kila siku.

FIRST LEGO League inachukua raundi bora kati ya tatu, na kila raundi ni dakika mbili na nusu. Wako na sababu: mtoto anayeanza anaweza kukosea mara mbili bila kupoteza yote, na anapata moyo wa kujaribu jambo gumu. Wengine wanapenda wastani, kwa maana injinia wa mgodi hatafuti pampu inayofanya kazi siku moja kwa tatu. Kuna njia ya katikati pia: kutupa alama ya chini kabisa na kuchukua wastani wa zile zinazobakia. Hiyo inafaa sana mahali ambapo batri inaweza kuzima bila kosa la mtoto.

Yoyote mtakayochagua, jambo moja halibadiliki: kila ekipe ipate idadi sawa ya raundi. Mwenye kujaribu mara tano ana bahati kubwa ya kupata alama moja nzuri kuliko mwenye kujaribu mara mbili.

Kama ni mechi, nani acheze na nani?

Njia ya haki zaidi ni kila ekipe kucheza na kila ekipe. Lakini hesabu muda. Ekipe 12 zinahitaji mechi 66. Kama kila mechi inachukua dakika kumi pamoja na kupanga uwanja, hiyo ni saa kumi na moja. Watoto watalala pale.

Njia ya haraka ni anayefungwa anatoka. Ekipe 16 zinamalizika kwa mechi 15 tu. Lakini njia hii ina ukali: nusu ya watoto wanarudi nyumbani baada ya mechi moja. Mtoto ametoka Lubudi ao Dilolo, amesafiri na vumbi, waya mmoja unachomoka, na imekwisha. Tena inaonyesha vizuri paka yule wa kwanza. Wa pili anaweza kuwa si wa pili wa kweli, kwa maana ekipe ya pili kwa nguvu inaweza kukutana na ya kwanza tangu raundi ya mwanzo.

Kati ya njia hizo mbili kuna njia ya Uswisi, ambayo wachezaji wa chesi waliitumia mara ya kwanza mjini Zurich mwaka 1895. Hakuna anayetoka. Baada ya kila raundi, unapanga wenye pointi zinazokaribiana wacheze pamoja: walioshinda na walioshinda, waliofungwa na waliofungwa, bila kukutanisha wawili waliokwisha kukutana. Ekipe 16 kwa raundi nne zinakuwa na mechi 32. Ukiwa na viwanja viwili, ni chini ya saa tatu. Na kila mtoto anacheza mara nne, karibu kila mara na mtu wa kiwango chake. Inatosha karatasi, kalamu na mtu mwenye utulivu.

Kuunganishwa na mwenzako: bahati kubwa

Sasa tufike kwenye jambo linaloleta machozi zaidi. Katika mashindano ya ekipe mbili kwa mbili, kura inakupatia mwenzako. Ukipewa mwenye nguvu, unashinda. Ukipewa mwenye roboti isiyowasha, unafungwa hata kama yako ilifanya kazi nzuri.

Tuseme ziko ekipe 16 na kila moja inacheza mechi tano. Hizo ni mechi 20. Kila ekipe ina wenzake 15 ambao ingeweza kuunganishwa nao, lakini itaunganishwa na watano tu. Mechi tano hazitoshi kusawazisha bahati. Ndiyo maana ekipe inaweza kuwa ya kwanza bila kuwa na roboti bora, na ekipe nzuri ikajikuta ya tisa.

Dawa ya kwanza ni kuongeza mechi, kama muda uko. Dawa ya pili ni ratiba: usimuunganishe mtu na mwenzake yuleyule mara mbili, na usimpatie mtu mmoja wapinzani wote wakali. Dawa ya tatu ndiyo ile ya mashindano makubwa: baada ya mechi za kura, ekipe za juu zinachagua zenyewe wenzao wa kuingia nao kwenye fainali. Hapo ekipe ya tisa yenye roboti nzuri inaweza kuokolewa, maana wenzake waliiona ikifanya kazi.

Kuna hata hesabu ya kutenganisha nguvu ya kila mmoja. Tuchukue ekipe tatu za mfano: Shaba, Kobalti na Malakiti. Shaba na Kobalti pamoja walipata 50. Shaba na Malakiti walipata 40. Kobalti na Malakiti walipata 30. Jumlisha zote: 120. Kila ekipe imehesabiwa mara mbili, basi zote tatu pamoja ni 60. Ukiondoa 50 ya Shaba na Kobalti, Malakiti inabakia na 10. Kobalti inakuwa na 20, Shaba 30. Mashindano makubwa yanafanya hesabu hii kwa kompyuta juu ya ekipe nyingi kwa mara moja.

Lakini angalisho! Hesabu hii haioni kila kitu. Roboti inayozuia wapinzani, ao inayofungulia mwenzake njia, haihesabiwi vizuri. Itumieni kama msaada wa kuchagua mwenzako, msiitumie kumpatia mtu kombe.

Wakiwa sawa, nani apite?

Hapa ndipo tunarudi kwa 1974. Ukitumia tofauti ya alama kutenganisha ekipe zilizo sawa, unaziambia zote: mkikutana na mnyonge, mmalizeni. Shule ndogo ambayo roboti yake ilisimama inageuka kilo ya kupimia wengine. Tena anayekutana nayo mwishoni anajua tayari alama ngapi anahitaji. Uskoti ilicheza na Zaire kwanza, bila kujua kama magoli mawili hayatatosha. Brazili ilicheza nayo mwisho, ikijua.

Wenye VEX walitafuta njia nyingine. Kwao, ekipe zikiwa sawa kwa ushindi, wanaangalia pia alama za upande ulioshindwa katika mechi zako. Kama ulishinda wapinzani waliopata alama nyingi, hiyo inakuhesabiwa vizuri, kwa maana ulikutana na wakali. Hapo hupati faida kwa kumfedhehesha mnyonge. Wachezaji wa chesi wana kitu kinachofanana: wanajumlisha pointi za wote uliocheza nao.

Njia nyingine ni kuangalia nani alimpiga nani. Ni nzuri, lakini lazima watu wote wajue mbele. Tarehe 8 Oktoba 2011, Afrika Kusini ilitoka 0-0 na Sierra Leone mjini Nelspruit. Wachezaji wakacheza ngoma uwanjani wakifikiri wamefuzu kwa Kombe la Afrika la 2012, maana tofauti yao ya magoli ilikuwa nzuri kuliko ya wengine. Lakini sheria ya CAF ilikuwa inaangalia kwanza mechi kati ya wenye pointi sawa. Niger ndiyo iliyopita, ingawa siku ile ilipigwa 3-0 na Misri. Watu wazima, wenye kulipwa mshahara, walikuwa hawakusoma sheria. Je, mtoto wa miaka kumi na tano?

Jambo la tatu: mechi za mwisho. Mwaka 1982, Algeria ilikuwa imekwisha kumaliza mechi zake wakati Ujerumani Magharibi na Austria zilipokutana mjini Gijón, Hispania. Zote mbili zilijua kwamba 1-0 ya Ujerumani inazipitisha pamoja. Ikaingia goli moja mapema, halafu zikatembeza mpira mpaka mwisho. Algeria ikatoka. Tangu 1986, mechi za mwisho za kundi zinachezwa saa moja. Katika roboti hamwezi kila mara kuwa na viwanja vingi, lakini mnaweza kupanga ekipe zinazogombea nafasi moja zicheze kwa pamoja ao zifuatane mara moja.

Na kama mashindano yamekatika? Hapa kwetu tunajua. Ligi ya Linafoot ya 2019-2020 ilisimama kwa sababu ya Covid-19, na TP Mazembe ikatangazwa bingwa bila mechi zote kuchezwa. Mvua ya Kolwezi ao kuran ya SNEL inaweza kufanya hivyo kwa siku yenu ya roboti. Basi andikeni mapema: tukikatika, tunahesabu wastani wa pointi kwa mechi, ao tunahesabu raundi zilizomalizika na wote tu.

Juri nao wapimwe

Mashindano mengi hayaishii kwenye uwanja. Watoto wanaingia mbele ya juri, wanaeleza namna walivyojenga, nani alifanya nini, walikosea wapi. Katika FIRST LEGO League, alama za roboti uwanjani ni robo moja tu ya matokeo. Robo tatu zinatoka kwa juri: namna ya kujenga roboti, mradi wa utafiti, na roho ya ekipe.

Ni vizuri, kwa maana inazuia mwalimu ao papa tajiri kujenga roboti mahali pa mtoto. Mtoto ambaye hakujenga atashikwa kwa maswali mawili tu.

Lakini juri ni watu. Mmoja mkali, mwingine mpole. Tuseme chumba cha kwanza kinatoa 9, 8 na 8, na chumba cha pili kinatoa 6, 5 na 5. Ukichanganya karatasi, ekipe zote za chumba cha pili zimekufa, hata kama zilikuwa sawa na zile zingine. Dawa si ngumu. Ama juri moja lione ekipe zote. Ama kila chumba kipange nafasi zake, wa kwanza, wa pili, wa tatu, halafu walio juu katika kila chumba waonwe tena na juri la pamoja. Na mwenye mtoto wake, ao shule yake, ao kampuni yake inayolipia ekipe, atoke chumbani wakati wa kutoa alama. Hata kama ni mtu mwema. Ni kwa kumlinda yeye pia.

Mambo ya kwetu Lualaba

Kuna haki nyingine ambayo hesabu haiwezi kuileta. Shule moja iko na vifaa vya kununuliwa, ordinatere kumi na mota za kubakisha. Nyingine iko na katoni, mota za kutolewa kwenye redio mbovu, na telefone moja ya mwalimu. Ukiziweka kwenye orodha moja na kusema "mshindi ni mshindi", umepima mfuko wa wazazi.

Shule zinaweza kukubaliana hivi: kundi moja la vifaa vya aina moja kwa wote, na kundi lingine la huru. Ao kuweka kikomo cha bei ya roboti. Na kuweka zawadi kwa ekipe iliyotoka mbali zaidi kati ya raundi ya kwanza na ya mwisho, ili maendeleo yaonekane.

Halafu kuran. Wote wachaji batri zao mahali pamoja, kwa zamu. Kama moto umezima katikati ya mechi, mechi irudiwe kwa ekipe zote, si kwa ile iliyokuwa inafungwa tu. Kama batri ya ekipe imekwisha kwa uzembe wake, hapo hairudiwi. Sheria hiyo isomwe asubuhi, mbele ya watu wote.

Kabla ya kuandikisha mtoto, uliza

Mzazi, mwalimu, prefe: kabla ya kulipa pesa ya kuandikisha ekipe, ulizeni maswali haya sita. Kila ekipe itacheza mara ngapi? Mnahesabu alama bora ao wastani? Wakiwa sawa, mnatenganisha kwa nini, na kwa mfuatano gani? Nani yuko kwenye juri? Kuran ikikatika, inakuwaje? Na karatasi ya alama itabandikwa wapi, ili kila mtu aione baada ya kila raundi?

Swali la mwisho ndilo kubwa. Hakuna njia ya kupanga isiyo na kasoro. Hata wakubwa wa FIFA wanabadilisha sheria zao. Lakini karatasi ikibandikwa ukutani, mtoto anaweza kuhesabu mwenyewe. Akikuta kosa, anainua mkono, na kosa linasahihishwa kabla ya kombe kutolewa. Akikuta hakuna kosa, atahuzunika, lakini atajua kwa nini ni wa tatu. Na mwaka unaofuata atarudi.

Wale wa Uskoti wa 1974 walijua sheria mbele ya kuanza, kwa hiyo hawakusema waliibiwa. Walilia tu. Watoto wetu pia wana haki ya kulia namna hiyo: kwa kukosa goli moja, si kwa kufichwa hesabu.